Kwazari Alizozifuta Wangare

Daktari Khaemba alikuwa na maneno matamu, na Wangare, mwanafunzi wake wa shahada ya pili katika chuo kikuu huko Njoro, alikuwa amechoka kubishana naye. Tasnifu ya Wangare ilihusu kwazari: vitovu vya galaksi za mbali ajabu, ambako mashimo meusi humeza gesi na kuwaka kupita nyota zote za galaksi nzima. Mwanga wa zile za mbali zaidi ulianza safari ulimwengu ukiwa bado mchanga. Swali la Wangare lilikuwa moja tu: je, za zamani zilitoa eksirei kwa kiwango kile kile kama za karibu?

Shida ni kwamba nyingi za mbali zilionekana kwa mwanga wa kawaida, lakini darubini ya angani haikunasa eksirei zake. Khaemba akamwambia azifute, eti zinachafua grafu. Wangare alijua fika huo ni upuzi: ukibakisha zenye eksirei kali pekee, lazima za kale zionekane kali kuliko za leo. Lakini nani angesaini tasnifu kama si huyo huyo? Akafuta. Grafu ikapanda vizuri, na Khaemba akaanza kuiita ugunduzi wetu.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, shamba la kina Wangare huko Molo likachomwa, na babake, Mzee Waithaka, akaishia kwenye hema Nakuru. Hakubaki na kitu cha kujivunia ila hiyo digrii ya bintiye. Machi, siku ya kutetea tasnifu, akaja na koti la kuazima, akangoja nje.

Ndani, mtahini mgeni, Profesa Sally, aliuliza zile zisizo na eksirei zilienda wapi. Ukizihesabu nazo, alisema, grafu inalala tambarare, kwazari hazijabadilika. Wangare akamtazama mwalimu wake.

"Hata mimi nashangaa," Khaemba akasema. "Sikuambiwa."

Ebo! Alimkana, akamruka futi mia, mchana peupe, bila hata kukohoa. Wangare aliwaka hasira mpaka masikioni. Lakini hata wakimruhusu kurudia, angehitaji sahihi ya mtu huyo tena.

"Nilizifuta mimi," akasema. Wakamwangusha.

Khaemba ndiye aliyetangulia kutoka. Akampa mzee pole, akamwambia msichana ana bidii ila ni mzembe kidogo, lakini yeye hatamtupa. Mzee Waithaka akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, akashukuru tena. Kisha akamgeukia bintiye, machozi yakimlengalenga.

"Huyo mwalimu ni mtu wa maana sana, Wangare. Usimwaibishe tena."