Bweni Safi Kuliko Yote

Binti wa fundi bomba aliyekuja chuoni kusomea upimaji ardhi alifanya kosa moja tu: aliamini picha. Fomu ya makazi mtandaoni ilimpa mabweni matano ya kuchagua. Manne yalikuwa ya watu wanne chumbani, bafu moja kwa korido nzima, na picha zake zilipigwa kwa mbali kama mtu anayempiga picha ng'ombe mkali. La tano lilikuwa na vyumba vya watu wawili, kila mmoja na kabati lake, meza ya kusomea dirishani, na maji ndani. Akabonyeza la tano. Kesho yake akajibiwa: hongera, umepata chumba namba 31, ghorofa ya pili.

Baba yake akamsindikiza, sanduku begani, binti nyuma na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Mlinzi wa getini akaisoma karatasi yao, akairudia, kisha akawaonyesha kwa kidevu upande wa nyuma ya maktaba.

Nyuma ya maktaba palikuwa na msingi. Tofali zilikuwa zimepanda hadi magotini, nondo zimesimama wima zikila kutu, na nyasi zimeota pale ambapo pangekuwa sebule. Bango lenye picha ile ile ya mtandaoni lilikuwa limeegemezwa kwenye rundo la kokoto. Baba akatua sanduku, akauzunguka msingi mzima, akarudi akijifuta mikono.

"Hawajalaza hata bomba moja," akasema. Kwa fundi bomba, hiyo ilikuwa hukumu.

Wakaenda Idara ya Makazi, jengo la ghorofa lenye vigae vinavyoteleza na vyumba vingi vya ofisi, vingi vimefungwa. Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Wanafunzi walimwita Bwana Mfumo, na haikuwachukua wageni wake muda kujua kwa nini.

"Mfumo unaonyesha binti yako ana chumba," akasema akiitazama kompyuta. "Thelathini na moja, ghorofa ya pili. Upande wenye upepo, kwa kweli ana bahati."

"Ghorofa ya pili haipo, mzee," baba akasema. "Hata ya chini haipo."

"Haipo kwa sasa."

"Basi mpe kitanda kwingine kwa sasa."

Bwana Mfumo akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanafunzi mmoja haruhusiwi vyumba viwili. Ni kanuni. Kwanza arudishe alichonacho."

"Narudisha," binti akasema.

"Vizuri. Niletee ufunguo."

"Sijapewa ufunguo."

"Ufunguo hutolewa mlango ukishawekwa," Bwana Mfumo akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kisha akamsogezea karatasi ya masharti ya bweni atie sahihi. Sharti la tatu lilikataza kupigilia misumari ukutani. Binti akatia sahihi, kwa kuwa alikuwa mgeni na kalamu alikuwa amekwishawekewa mkononi.

Aliyemwokoa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa jirani yao, ambaye kila mtu alimwita Sista. Sista alikuwa na kitanda Bweni la Kwanza, akakubali kumbeba. Kubebana, ndivyo walivyoita: watu wawili kitanda kimoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Chumba cha wanne kilikuwa na tisa. Matroni alipokuja kukagua, watano walimwambia ni mabinamu waliokuja kusalimia, na matroni, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa amechoka, aliwaambia wawasalimie nyumbani.

Sista hakulalamika. Lakini alikuwa anafanya zamu hospitalini, na akirudi alihitaji kunyoosha mgongo. Asubuhi moja binti alimkuta ameketi sakafuni, kasinzia na daftari mapajani, kitanda amemwachia yeye.

Wiki ya nne likatoka tangazo: kila bweni lichague kiongozi. Wakazi wa Bweni la Tano walikuwa arobaini na wanane, nao wakakutana kwa mara ya kwanza, wamekaa juu ya tofali za msingi wao kama ndege kwenye waya. Wengine walibebwa, wengine walilala kwa shangazi upande wa pili wa mji, mmoja alilala kwenye stoo ya vifaa vya michezo, katikati ya mipira. Wakamchagua binti wa fundi bomba. Walikuwa wamekwishampa jina la Futi, maana hakutoka bila futi ya kupimia mkobani, na mpimaji, walisema, ndiye anayefaa kuongoza jengo lisiloonekana.

Kazi ya kiongozi ilikuwa kujaza fomu kila Ijumaa. Futi alilelewa kusema kweli, akajaza kweli. Taa zilizoungua: hakuna. Vyoo vilivyoziba: hakuna. Mabomba yanayovuja: hakuna. Kelele, ugomvi, vioo vilivyovunjika: hakuna, hakuna, hakuna. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni, kila wiki aliandika: "Bweni pia hakuna." Idara ilijumlisha zile za juu. Maoni hayakuhesabiwa.

Hivyo ndivyo Bweni la Tano lilivyoshinda shindano la usafi na utunzaji, likiyaacha mengine kwa mbali kiasi kwamba la pili, lenye vyoo viwili vilivyoziba tu, lilionekana kama jalala. Barua ya pongezi ikabandikwa kwenye mbao zote za matangazo. Ingeishia hapo, lakini mwenyekiti wa baraza la chuo, mama mmoja mkunga mstaafu aliyealikwa kukabidhi kombe, alijibu mwaliko kwa mstari mmoja: angependa kulikabidhi ndani ya bweni lenyewe.

Bwana Mfumo akamwita Futi. Safari hii alimpa kiti.

"Binti yangu, mambo ya wakubwa ni mafupi," akasema. "Wewe utasema wenzako wako kwenye mitihani na bweni limefungwa kwa usalama. Tutakabidhiana ukumbini. Nami nimeona kwenye nyumba ya wageni kuna chumba. Kitanda, meza, ufunguo." Akauweka ufunguo mezani. Ulikuwa ufunguo wa kweli, wenye kibati cha namba.

Futi aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukiri. Akaomba ajibu kesho, akatoka, akampigia baba yake.

Baba alikuwa chini ya sinki la mtu. Maji yalisikika yakidondoka. Akasikiliza hadi mwisho.

"Ukikubali utalala vizuri," akasema. "Ukikataa, utaendelea kunusa miguu ya Sista. Mimi siwezi kukuamulia, mwanangu. Ila mama yako akiuliza, nilikuambia ukatae."

"Na wewe ungefanya nini, baba?"

"Ningeuliza wale arobaini na saba wanalala wapi siku hiyo. Halafu ningekasirika kwa kuuliza."

Siku ya kombe, Bwana Mfumo alimpokea mgeni ukumbini na kuanza kueleza habari za mitihani. Futi akasimama, akasema, "Mama, mtihani ni wiki ijayo. Leo tupo. Karibu kwetu."

Mama mwenyekiti hakungoja maelezo zaidi. Akajitanda kanga yake, akamfuata, na msafara mzima wa wakubwa ukamfuata yeye, viatu vikizama kwenye kokoto. Arobaini na saba walikuwa wanangoja juu ya msingi, kila mmoja na godoro lake kichwani, wamesimama kwa mpangilio wa vyumba.

"Huu ndio mlango," Futi akasema, akipita kati ya nondo mbili. "Samahani mama, chumba changu siwezi kukuonyesha. Kiko juu yako, kama mita sita hivi."

Mama mwenyekiti akatazama juu. Kulikuwa na mbingu tu, na kunguru mmoja.

"Ni safi kweli," akasema. Akawageukia wanafunzi, akamwuliza mmoja mmoja analala wapi. Yule wa stoo ya michezo alipojibu, mtu mmoja wa msafara alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha.

"Mheshimiwa, kwenye mfumo hawa wote wana makazi," Bwana Mfumo akasema.

"Mwanangu, nimezalisha watoto miaka thelathini na minne," mama akamwambia bila ukali. "Sijawahi kumlaza mtoto kwenye karatasi. Ofisi yako ina vyumba vingapi?"

Vilikuwa ishirini na viwili. Wafanyakazi walikuwa tisa, na ukumbi wake mkubwa ulitengwa kwa ajili ya mikutano ya kupanga ujenzi wa Bweni la Tano. Mama akataka kuuona, akaupima kwa hatua, kisha akamwomba Futi aupime kwa futi. Ulikuwa unatosha vitanda kumi na sita. Kombe likabaki limesahauliwa juu ya tofali hadi mlinzi alipoliokota.

Kabla ya wiki kwisha arobaini na wanane wote wakahamia humo. Idara ya Makazi ikabanwa kwenye vyumba vitatu vya chini, na Bwana Mfumo akapewa meza kwenye korido, mbele ya choo, mahali ambapo kila mkazi alipita na taulo begani akimwamkia. Mwanzoni hakuitikia. Jengo lilikuwa na bafu moja tu, la mkuu wa idara, na foleni yake ilianza kuku hawajaamka. Jumamosi baba akaja na mkoba wa vifaa, akalaza mabomba manne ya kuogea kwenye iliyokuwa stoo ya mafaili. Bwana Mfumo aliinuka mezani kumshikia tochi, akaishika saa nzima, shati limelowa hadi kiwikoni, akiuliza hili linakwenda wapi na lile linatoka wapi.

Sista alipata kitanda chake chote. Futi alipokwenda kumtembelea saa nane mchana, alimkuta amelala kwa upana, mkono huku, mguu kule, mdomo wazi. Hakumwamsha. Akamwachia machungwa juu ya kabati, akatoka kwa ncha za vidole, akauvuta mlango nyuma yake.