Kanda ya Tatu ya Waya wa Koboko

Jumanne moja mwaka 1974, Ayikoru alifuta vumbi kwenye teleprinta ya ofisi ya simu Arua, akabana klipu mbili za rekoda kwenye waya uendao mji wa Koboko. Ilikuwa wiki ya tatu mashine ikichapa herufi za ovyo tu. Mainjinia wa Kampala walitaka kanda, wausikie ubovu wenyewe.

Kanda ya kwanza aliipandisha sauti mno, ikakwaruza mwanzo mpaka mwisho. Hata hivyo, chini ya mlio wa mashine watu walisikika wakipigwa marungu, kila mmoja akitaja namba ya nguzo ya simu aliyofukiwa chini yake. Mmojawao alikuwa Yugu, mumewe, aliyechukuliwa na askari siku ya soko. Namba yake haikushikika.

Ya pili ilikuwa safi. Lakini Yugu alipoanza, Ayikoru alisema ndani ya simu, "Baba Norah, ni wewe?" Sauti yake ikaifunika namba.

"Mama Norah," alisema Kasimiro, fundi wa waya, "hii kazi haitaki mdomo."

"Bwana yangu iko ndani ya waya, ninyamaze namna gani?"

"Jaza maji mdomoni."

Akajaza. Ya tatu aliianza kwa nusu dakika ya kimya, kama walivyoagizwa. Alihesabu marungu kumi na moja. Meno yalimwagika kama mahindi kwenye sinia. Yugu alimwita mama yake mara moja, kisha akasema: mia moja na kumi na saba. Hakuna tone lililodondoka mdomoni mwa Ayikoru.

Ndugu zake walimchimbua kesho yake chini ya nguzo hiyo, mikono imefungwa kamba, taya upande, wakamzika kwao kando ya baba yake. Chini ya nguzo iliyofuata udongo ulikuwa mbichi.

Kampala walisifu kanda, wakaleta kisanduku cha kuzuia sauti za watu kwenye waya. Kasimiro alikifunga Jumatatu, askari wawili wakisubiri mlangoni. Mashine ikachapa vizuri kabisa: majina kumi na manne, ya kuchukuliwa siku hiyo. La saba lilikuwa la Kasimiro.

"Maliza kazi, fundi," alisema askari. "Gari iko nangoja."

Kasimiro alilegeza skrubu, akakitoa kile kisanduku, akakiweka mezani.

"Mama Norah, weka kanda mpya. Sauti usipandishe."

Ayikoru akaenda kujaza kikombe maji.