Hesabu Imetimia

Sahihi? Sahihi gani? Mama Mbelu aliisukuma ile karatasi mpaka ikaanguka chini, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

Yeye njo mwenye kuwapima watu wazima wa parokia, hapa Kasuku, mjini Kindu, kabla hawajapewa ruhusa ya kwenda kulala porini na watoto wa watu. Bila sahihi yake hakuna kambi, na mtihani wake unaogopwa mji mzima. Unalala na watoto ishirini na sita kwenye uwanja wa parokia. Alfajiri, hujaamka bado, Mama Mbelu anamtoa mtoto mmoja, anamwingiza mwingine usiyemjua. Kisha anakuuliza: wote wako?

Yannick, mtu mzima wa miaka thelathini, mfanyakazi wa reli, alihesabu vichwa mara mbili. "Ishirini na sita, mama. Hesabu imetimia."

Wakati huo Divine, mtoto aliyetolewa, alikuwa kwao anakunywa uji. Mahali pake alisimama mtoto wa jirani, kitambaa cha Divine shingoni, anajizuia asicheke.

Sasa mjomba wake Yannick, Papa Mwamba, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa amekuja ofisini mwenyewe, Yannick amebaki mlangoni. Kambi ya Kalima ni Jumamosi, lori limepatikana, watoto wamekwisha kufunga mizigo.

"Mama Mbelu, usituharibie. Ni kosa dogo tu. Mtoto alikuwa kwao salama, ao siyo?"

"Dogo?" Damu ilimpanda kichwani. Ee, kuna watu hawana haya! Maana si mwingine aliyesema hivyo, ni huyu huyu Mwamba.

Mwaka wa tisini na tisa, vita ilikuwa imenyamaza miezi miwili, watu wakadhani imekwisha. Mwamba akapeleka watoto kambini Lokandu. Nani alimpima? Hakuna. Alijua nyimbo nyingi, basi, wazazi wakaridhika. Asubuhi ya pili risasi zikalia. Wakakimbia kwa njia ya mto, wamechanganyika na wakimbizi. Mbelu, wa miaka kumi na miwili, alimtafuta mdogo wake Mukuna, wa miaka tisa, asimwone. Akamvuta shati Mwamba, kaka yao wa kambi.

"Yaya Mwamba, Mukuna haiko!"

Mwamba akasimama, akahesabu vichwa. "Ishirini na sita. Hesabu imetimia. Nyamaza, tembea!"

Alinyamaza, akatembea. Walipofika Kindu, mama yao alinyoosha mikono ampokee Mukuna. Wa ishirini na sita alikuwa binti wa mvuvi wa Lokandu, miguu peku, aliyejiunga na mstari kwa kuwa aliona watoto wenzake. Mukuna hajaonekana mpaka leo. Mwamba alisema ni vita. Kila kitu ni vita! Vita ilipiga risasi, sawa, lakini vita haikumkataza kutazama sura za watoto.

"Hizi ni hasira za zamani, mama," Mwamba alisema. "Unamwadhibu Yannick kwa ajili yangu."

"Nina hasira, ndiyo! Hasira hii njo imewarudisha watoto wa watu nyumbani miaka kumi na minne. Upole wako ulimrudisha nani?"

Mwamba akainyoshea kidole ile karatasi iliyo chini.

"Basi okota karatasi, uweke sahihi wewe mwenyewe," akasema Mama Mbelu. "Lakini kwanza nitajie jina la mdogo wangu."

Mwamba akatazama dari, akatazama dirisha. "Ni miaka mingi, mama. Watoto wenyewe walikuwa ishirini na..."

Mama Mbelu alimkodolea macho. Miaka yote hii alidhani jina lile linamkosesha usingizi Mwamba pia. Kumbe hakuwa nalo! Alitaka kulitamka, ampige nalo usoni, lakini akalibana. Mwamba hakustahili kupewa bure.

"Mjomba, twende," alisema Yannick kutoka mlangoni, macho chini.

Jumamosi hakukuwa na kambi. Mama Mbelu alikwenda uwanjani kuwaambia watoto mwenyewe, mmoja mmoja, akimwita kila mtoto kwa jina na kumtazama usoni. Walilia kwa kelele mpaka majirani wakatoka. Divine akamwambia ana roho mbaya.

"Ninayo," akajibu, na akamwita anayefuata.