Mguu wa Kushoto wa Winchi

Kama kuna kitu Winchi alikidharau duniani, ni mtu mzima anayenyanyua chuma mara kumi kisha anakirudisha palepale alipokitoa. "Hata punda," alikuwa akisema, "akibebeshwa mzigo anaufikisha mahali."

Yeye alikuwa kuli wa ghala la unga kwa miaka ishirini na miwili, na kiongozi wa mstari kwa kumi na minne: wa kwanza kupanda ubao wa lori, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Cheo hicho hakikuandikwa popote. Kilikuwa na sheria moja tu: anayetua gunia katikati ya ubao anahamia mwisho wa mstari, na hangojei kuambiwa.

Kwa bahati mbaya, mnyanyua vyuma mmoja aliishi nyumbani kwake. Alikuwa kaka wa mkewe, karani wa kugonga mihuri, mwenye tumbo linalotangulia kufika mlangoni na miguu myembamba kama ya kiti cha kukunja. Kila asubuhi shemeji huyu alitandika mkeka uani, akanyanyua chuma chake mara kumi, kisha akasimama kwa mguu mmoja, akalipapasa goti la mguu wa pili na kuliambia, "Asante, goti. Jana ulinipandisha hadi ghorofa ya tatu."

"Shemeji," Winchi aliuliza huku akipiga mswaki, "na makalio umeyashukuru? Maana kule ofisini ndiyo yanayofanya kazi kutwa nzima."

"Hayo nayashukuru Jumapili, yakiwa mapumzikoni."

Winchi akatema povu, akaenda kazini na kichekesho cha kuwapelekea wenzake.

Kicheko kilikatika siku ghala lilipofungua mlango mpya. Ukuta ulibana ubao upande wa kulia, na gunia lililokaa bega la kulia lilikwaruza zege mpaka likachanika. Mwenye ghala akatoa amri: kuanzia Jumatatu, mizigo yote bega la kushoto. Makuli wengine walihamisha bega kama mtu anayebadilisha shati. Lakini Winchi hakuwahi kubebea kushoto hata siku moja. Bega la kulia lilikuwa limevimba kama mto wa kochi. La kushoto lilining'inia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Alijaribu gunia moja kwa siri nyuma ya marobota. Mguu wa kushoto ukamsaliti, akakaa chini kwa kishindo, unga ukammwagikia kichwani. Alipofumbua macho alimwona Kimya, kuli wa pili kwenye mstari, amesimama anamtazama. Kimya hakusema kitu. Ndiyo sababu aliitwa hivyo, na ukimya huo ndio uliomuuma Winchi zaidi.

Kesho yake alimfuata shemeji uani. "Haya, nionyeshe hayo mambo yako ya korongo."

"Kwa sharti moja. Kila ukikanyaga, unaushukuru mguu."

"Huu? Umenikalia bure miaka yote hii."

"Shemeji, kwani ulikuwa unapanda ubao kwa mguu mmoja? Kila hatua ya pili aliikanyaga nani?"

Winchi akalitukana tumbo la shemeji.

Mtu aliyejaza malori kwa miaka ishirini na miwili alishindwa kusimama kwa mguu wa kushoto mpaka hesabu ya nne. Karani alifika sitini huku akipiga miayo. Mke wa Winchi akachungulia dirishani. "Baba watoto, ukianguka tena angukia huku. Kule nimeanika nguo."

Aliusema ule "asante" kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa ndoo yake ikiwa imepasuka. Siku ya tano alifika ishirini, akajitahidi asifurahi.

Jumatatu akatwikwa gunia bega la kushoto. Hatua tatu zilikwenda salama. Ya nne, mguu ukaanza kutetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nyuma yake Kimya alisimama na gunia lake, na nyuma ya Kimya watu wanane, wote wakikodolea macho kisigino kimoja. Kutua kulikuwa rahisi: angeinama tu, halafu angekula vumbi la watu tisa mpaka siku ya kustaafu.

Aliutukana mguu kimoyomoyo. Ukazidi kutetemeka. Ndipo akasikia kinywa chake kinasema, bila ruhusa yake, "Asante, mshenzi we. Moja nyingine."

Mguu ukakanyaga.

"Asante. Nyingine."

"Unaongea na nani, Winchi?" aliuliza Kimya, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza wiki nzima.

"Na mfanyakazi mpya. Mvivu, lakini anafundishika."

Akabwaga gunia ndani ya lori, akashuka akichechemea, akaenda kusimama mbele ya mstari kungojea la pili.