Fimbo Mpya za Omari Mzaramo

Hasira zangu hazifichiki, na mwaka ule wa tatu wa Uhuru Omari alinikasirisha mpaka ugali ukawa haushuki kooni.

Omari alikuwa Mzaramo, karani wa stesheni hapa Tabora. Waafrika tuliporuhusiwa kucheza gofu, akaja kwangu nimfundishe. Mimi Ngollo nilikuwa nimewabebea Wazungu mifuko ya fimbo miaka kumi na minne, mchezo naujua. Nikampa fimbo yangu moja ya chuma. Miezi miwili alichimba ardhi kama analima karanga, mpira umetulia palepale.

"Fimbo hii imekwisha, mtani," akaniambia. "Bwana mifugo anarudi kwao Ulaya, anauza fimbo kumi na mbili na mfuko wake wa ngozi. Nazinunua."

"Kwa fedha gani?"

"Nauza cherehani."

Cherehani yenyewe si yake! Ni ya Batuli, mkewe. Alikuja nayo alipoolewa. Anashonea sare za shule, na mshahara wa Omari ukiisha katikati ya mwezi, watoto wanakula kwa cherehani hiyo.

Nikamwambia kweli tupu. "Fimbo haina kosa. Wewe unainua kichwa kabla hujapiga. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Usinunue kitu!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mnyamwezi wewe! Kazi yenu kubeba mizigo mpaka pwani, gofu umeijulia wapi?"

Huo ndio ubaya wa utani. Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, basi neno lolote nimwambialo, hata la kumwokoa, kwake ni mzaha. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nilipiga kelele, mate yananiruka. Akaenda kuwasimulia wenzake stesheni jinsi mtani wake anavyojua kuigiza hasira.

Mnunuzi wa cherehani, mtu wa Igunga, angefika na lori Jumamosi mchana. Asubuhi ya siku hiyo nikaenda nyumbani kwao, mtaa wa Ng'ambo. Batuli alikuwa ameketi barazani, sare imeishia nusu mapajani mwake.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba." Nikaingia ndani, nikajitwika cherehani, nikatoka nayo.

Kwa desturi ya utani, mtani akikutekea kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, mtaa mzima utakusema. Omari alitoka mbio na shuka kiunoni, majirani wameshajaa.

"Nimeteka!" nikamwambia. "Naipeleka Itetemia kwa mama mkwe wako. Atakayeikomboa ni Batuli, si wewe. Na habari ya kununua fimbo tuizungumze siku utakapopiga mipira kumi mfululizo kwa fimbo hiyo uliyo nayo, bila kukosa hata mmoja."

Majirani wakaangua kicheko. Omari akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga, kisha akacheka naye, maana ilimbidi. Batuli hakucheka. Wala mimi sikucheka. Nilitembea mpaka Itetemia na chuma kile kichwani, shingo inaniuma, nikimtukana Omari njia nzima, na katika matusi yale hapakuwa na la utani hata moja.