Kiraka cha Fundi Sindano

Fundi Sindano aliponzwa na mkono wake mwenyewe, tena mkono wenye miaka ishirini na sita kwenye cherehani.

Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ilitakiwa kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Mfuko wa ufadhili ulikuwa na fedha za watoto thelathini, waombaji mia sita, na barua ilitaka kila mzazi afike mwenyewe, ahojiwe. Mtaani waliielewa barua hiyo vilivyo: nenda ukatazamwe umechoka kiasi gani. Basi siku hiyo foleni ilikuwa maonyesho ya matambara. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliliacha gari lake kona ya pili, akaja pekupeku huku anachechemea. Kuchechemea kwenyewe kulianza asubuhi hiyohiyo.

Mke wa fundi alikuwa amemtolea mumewe shati lililochanika begani. "Vaa hivihivi, usiliguse."

Akaligusa. Yeye, fundi mzima, apite barabarani bega liko nje, wateja wanamwona? Thubutu! Akalitia kiraka, na kwa kuwa hajui kulipua kazi, kiraka kikatoka cha kupendeza, mistari ya kitambaa imekutana sawasawa, mshono huuoni hata uutafute.

Afisa wa mfuko, mama wa makamo mwenye miwani, aliisoma fomu juujuu. Macho yakamganda begani pa fundi.

"Shati zuri. Umenunua wapi?"

"Hili lilichanika, mama. Nimelitia kiraka."

"Kiraka kiko wapi?"

Kichwa kikamvimba fundi wa watu. Akainamisha bega, akamwonyesha mpaka uzi. Binti yake, aliyeketi pembeni, akamkanyaga mguu, lakini wapi, mzee keshapanda.

"Kazi kama hii unamlipisha mtu kiasi gani?"

Ukweli ni kwamba wengi humpa mia tano, na wengine humwambia Mungu atamlipa. Ila sifa zinalevya.

"Elfu kumi," akasema.

Afisa akavuta kikokotoo. Viraka vitatu kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi. Akaandika kwa wino mwekundu: Mzazi anajiweza.

Fundi akadakia. "Mama, nilikuwa najigamba tu. Bei ile sijawahi..."

"Mzee, bei umeitaja mwenyewe." Afisa akaifunga fomu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa gauni la buluu. "Maadamu umekuja, hili limechanika kwapani, nami nina harusi Jumamosi. Utanishonea kwa kiasi gani?"

Fundi akalipokea, akaligeuza ndani nje kwa mazoea tu. Alitaka kusema bure, hata nguo zake zote atamshonea bure, mradi mtoto asome. Binti akamuwahi.

"Elfu kumi, mama."

"Elfu kumi, kitundu hiki?" Afisa akavua miwani. "Nani mwenye akili zake atakulipeni pesa hiyo?"

"Hakuna," binti akasema, akaisukuma fomu kwa afisa. "Tunaomba uandike hivyohivyo."