Alama ya Tisa

Mashine ya kurekodia ilikaa stoo, kati ya ngazi na makopo ya rangi, kwa sababu ilinguruma na mikrofoni haisamehe mngurumo. Ilikuwa na njia kumi na sita, kila sauti na njia yake: ngoma huku, magitaa kule, mwimbaji peke yake kwenye njia ya nane. Tangu rimoti yake ilipokufa, fundi wa sauti alilazimika kuacha meza yake kila mara, atembee hatua ishirini hadi stoo kuurudisha utepe, kisha ishirini nyingine kurudi. Nyayo zilikuwa zimeota sugu. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, fundi redio alipoileta rimoti ikiwa imepona, na betri mpya ndani yake, fundi wa sauti alimshukuru mara tatu.

Fundi redio alimtahadharisha jambo moja tu: utepe ukirudi nyuma, vyumba navyo vinarudi, pamoja na waliokuwamo. Alisema ndivyo nyaya zilivyo, wala asihangaike nazo.

Kaka yake fundi wa sauti, mwenye studio, alikuwa amemwachia wimbo wa miaka kumi na tatu iliyopita, ule uliompa jina mjini, ausafishe utolewe upya. Fundi akaketi, akabonyeza alama ya kwanza kwenye rimoti. Stoo ikanguruma. Nyuma ya kioo akaingia mpiga ngoma, marehemu mwaka wa sita sasa, akavua viatu kama ilivyokuwa kawaida yake na kuvipanga ukutani. Akampungia mkono. Fundi naye akampungia, kisha akaipunguza ngoma kidogo, maana marehemu alikuwa na mkono mzito.

Akaenda hivyo alama kwa alama. Kaka alikuwa mtu wa utaratibu hadi kero. Kila alipougusa utepe aliweka alama kwenye rimoti, ili siku nyingine abonyeze namba na kufika papo hapo. Karatasi yake ya zamani ilitaja alama nane. Rimoti ilikuwa na tisa. Fundi, ambaye hakuzoea kuacha kazi nusu, akabonyeza ya tisa.

Aliyeingia alikuwa yeye mwenyewe, wa miaka ishirini na miwili, ndani ya gauni la njano ambalo siku hizi ni tambara la kufutia madirisha. Akavaa hedfoni, akaimba. Kwenye njia ya nane ikapita sauti ambayo fundi aliwahi kuililia mwezi mzima, na haikuwa na kasoro hata moja. Siku ile kaka alimwambia mashine imeila, halikubaki hata neno. Alimwambia pia kwamba si kila mtu ameumbiwa kuimba, akamfundisha kazi ya meza ya sauti, na wimbo ukaimbwa na mwingine.

Wimbo ulipoisha, kiti cha jirani kilikuwa na mtu. Alikuwa kaka, bado kijana, na rimoti hii hii mkononi. Akachagua njia ya nane, akabonyeza kufuta, akangoja kwa utulivu hadi neno la mwisho. Kisha, kwa mazoea tu, akaweka alama.

Kaka wa leo akaingia na kikombe kitupu. Alijitazama pale kitini.

"Kumbe nilikuwa na ndevu," alisema.

"Uliniambia mashine imeila."

"Ningefanyaje, mdogo wangu? Ungetoka na wimbo ule, ungekwenda zako. Hapa ningebaki na nani?"

Alisema bila kupepesa macho, kisha akaongeza kwamba njia ya nane ipandishwe kidogo, yule mwimbaji anamezwa na magitaa.

Kaka angekuwa adui, fundi angejua pa kumweka. Huyu ndiye aliyekuwa akimshika mkono kuvuka barabara, wakienda shule.

Nyuma ya kioo, msichana akasogelea mikrofoni.

"Dada, imetoka vizuri?"

Fundi akabonyeza kitufe cha kuongea. "Imetoka vizuri sana. Ila kaka ameifuta, makusudi. Atakuambia mashine imeila. Usimwamini. Chukua nguo zako uende."

Msichana akacheka, kicheko cha mtu asiye na wasiwasi na watu wake.

"Kaka? Labda wa mwingine, dada. Wangu hawezi kunifanyia hivyo."

Akavua hedfoni, akavaa kandambili zake, akatoka kwenda kumchemshia kaka chai.

Fundi akaupeleka utepe mbele hadi leo. Kiti cha jirani kikabaki kitupu. Akaipandisha njia ya nane kama alivyoombwa. Halafu akaichukua ile karatasi na, chini ya alama nane, akaandika ya tisa: sauti yangu, imefutwa na kaka. Kaka aliisoma juu ya bega lake, akasema mwandiko wake umependeza, akamnyooshea kikombe.

Akakipokea, akaenda kuchemsha maji.